Skonzi za Moto Juu

Meneja wa hoteli ya jirani alikuja tena jana. Kijana mwenye adabu zake: hodi tatu, shikamoo kamili, kisha maneno yale yale. "Bi, moshi wa jikoni kwako unapanda vyumbani. Wageni wanalalamika. Zima mkaa huo, sisi tutakununulia oveni." Kaniachia mpaka Ijumaa, nisipozima, watanishitaki kwa wakubwa wa mji. Nikamwambia nitafikiri. Uongo mtupu! Nilirudi uani nikapepea makaa.

Ua huu huu, mwenzangu, ndipo bibi yangu alipokuwa akichoma skonzi za zabibu kila Alkhamisi. Asubuhi tulikwenda sokoni Darajani kununua zabibu kavu. Bibi alionja moja kwanza, na muuzaji akinuna, alionja ya pili mbele ya macho yake. Tukirudi nyumbani alifikicha samli kwenye unga kwa ncha za vidole, akatia sukari, iliki na zabibu, akakanda kwa maziwa, akakata viduara kwa mdomo wa gilasi. Oveni hatukuwa nayo. Sufuria ilikaa juu ya makaa machache, na juu ya kifuniko akapanga makaa ya vifuu vya nazi yaliyokolea. Moto juu, moto chini. Kazi yangu ilikuwa kupepea na kutofunua, na hiyo ya pili ilinishinda.

Siku moja alikuja kututembelea mwalimu wangu wa upishi, yule aliyetufundisha darasani kwamba skonzi bila ya oveni si skonzi. Nami nilitaka bibi amshinde, tena nilitaka hasa. Basi kila nikipepea najiuliza: zimeiva? hazijaiva? Nikainua kifuniko upande mmoja nichungulie. Makaa yakaporomoka, jivu likamwagikia skonzi zote.

"Lo!" bibi alisema, mara moja tu. Akazipuliza, akazipangusa kwa kitambaa, akazipakua vivyo hivyo. Mimi nimejificha nyuma ya mlango, natamani ardhi inimeze.

Mwalimu akauma, akatafuna polepole. "Bi, hivi vichembe vyeusi ni kitu gani?"

Nilidhani atasingizia iliki. Wapi! "Jivu," bibi alijibu, macho makavu. "Mjukuu wangu kafunua kabla ya wakati. Kula, mwanangu, jivu halijaua mtu."

Mwalimu alikula tatu, akaomba mbili za kwenda nazo kwake.

Zikiiva tulikuwa tukipeleka sahani nyumba nne: kwa fundi cherehani, kwa mkunga, kwa muuza kahawa, na kwa bibi mmoja kizee aliyependa zilizoungua. Wenyewe waliuza mmoja mmoja, wakahamia shamba. Nyumba zote nne ni hoteli sasa. Hakuna tena wa kuchungulia dirishani akaniuliza kama zishaiva, na naumia, sitaki kujidanganya kwamba siumii. Mtaa mzima nimebaki mimi.

Ijumaa akija nitamkaribisha akae, nimpe skonzi yake ya moto, nimwambie waziwazi: "Mwanangu, majirani zangu mshawamaliza wote. Moto huu hamtauzima."