Sukari Iliyonipeleka kwa Mke Mwenzangu

Nimeuza visheti na kashata hapa Mikumi kwa miaka mingi. Kwa hiyo siku wauguzi walipoweka meza sokoni kupima watu sukari bure, nilikaa kwenye kiti chao ili tu wateja wangu wacheke. Muuguzi alinichoma kidole, akakitazama kipimo, akachoma kidole kingine. Akaniuliza kwa sauti ya chini nimekula nini. Nikamwambia chai na visheti viwili. Aliandika kwenye karatasi, akanisihi niende hospitali wiki hiyohiyo, asubuhi, nikiwa sijala kitu.

Zahanati iko karibu na kwangu, lakini niliona aibu. Muuza visheti mwenye sukari, nani angenunua? Nikaamua kwenda Kilosa, ambako sijulikani. Mtu mmoja tu ndiye aliyenijua kule: mke mwenzangu.

Yeye ndiye mke mkubwa. Mume wetu aligawa siku zake kati ya nyumba mbili, yangu Mikumi, yake Kilosa. Tangu tumzike, miaka sita, hatukuwa tumesemezana. Hatukugombana, kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze. Sasa ili nipimwe mapema ilinibidi nilale Kilosa, na kulala gesti peke yangu kwa umri huu niliona haya.

Nilifika kwake alasiri, nikamkuta barazani anapepeta mchele.

“Shikamoo dada.”

Alinitazama kwanza. “Marahaba. Amefariki nani?”

Nikamwambia wote wazima, nikampa ile karatasi. Aliisoma, akaingia ndani, akatoka na kopo la vidonge na kadi ya kliniki iliyochakaa. Kumbe mwenzangu ana sukari mwaka wa nne, na aliificha kwa sababu ileile ya aibu. Nilianza kucheka kabla sijajua nacheka nini. Naye akacheka mpaka ungo ukamponyoka, mchele ukatapakaa barazani, tukapiga magoti kuuokota pamoja.

Asubuhi alinisindikiza hospitali. Naye hakunywa chai, akidai hawezi kula mbele ya mgeni mwenye njaa. Nikamkumbusha kwamba mwenye vidonge hatakiwi kushinda njaa, nikamsimamia mpaka akala kiazi. Nilipoitwa ndani aliinuka pamoja nami. Daktari akauliza kama sisi ni ndugu. Mke mwenzangu akanitangulia kujibu.

“Ni mdogo wangu.”

Daktari alinieleza kwamba sukari ninayo, ila nimewahi. Nimeze vidonge, nitembee, nipunguze wanga na vitamu, nirudi baada ya mwezi. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Badala yake nilitoka nikiwa mwepesi, nikisikia njaa kama ya mtoto wa shule. Mke mwenzangu alinipikia mchicha na maharage, akanikatia ugali wa ukubwa wa ngumi yangu, na nilipoomba nyongeza akaifunika sufuria.

Niliporudi Mikumi niliwaambia wateja mwenyewe. Wawili watatu walikwenda kupima wiki hiyo, na visheti bado wananunua.

Sasa kliniki yetu ni siku moja. Mara ya mwisho kipimo changu kilikuwa chini kuliko chake, akaninunia njia nzima. Tulipopita sokoni akasimama, akachagua kitenge cha kijani, akamwambia muuzaji akikate vipande viwili, chake na changu.