Mvua ya Mawe Iliyokatizwa Kaburini Githongo

Saa mbili asubuhi, nyuma ya soko la Gakoromone mjini Meru, Celina Kajuju anaifunga spika kwa blanketi la kijivu. Anazungusha kamba, anakaza fundo, kisha anapitisha kiganja kila upande kuhakikisha hakuna kona iliyobaki nje. Spika nyingine tayari ziko kwenye pikapu. Hizo hazina blanketi.

"Hii isigongwe," anasema. "Imepasuka, ndiyo, lakini nataka ibaki imepasuka vilevile."

Mama anayeuza ndizi mlango wa pili amemletea chai, na amefunika kikombe kwa kisahani ili nzi wasiingie. Kajuju anamshukuru, lakini chai inapoa. Tangu mwezi jana amekuwa na hasira, na mtu mwenye hasira husahau kikombe chake.

Kajuju ana umri wa miaka 52. Kazi yake ni kukodisha vyombo vya sauti kwa harusi, mikutano ya maombi na zaidi ya yote mazishi. Aliachiwa kazi hiyo na mumewe, marehemu Kiunga. Kwa siku moja hulipwa shilingi elfu nane, na akishatoa mafuta ya jenereta na malipo ya wabebaji, hubaki na karibu nusu.

Leo hakuna anayemlipa. Anakwenda Githongo, nyumbani kwa mama mzee aitwaye Cicily, kumaliza wimbo uliozimwa kando ya kaburi.

Wimbo huo ni wa Kiambi, mtoto wa Cicily. Mchana Kiambi alikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa. Jioni alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya roki iitwayo Mvua ya Mawe, iliyopendwa na vijana kutoka Meru hadi Embu. Homa ya mapafu ilimuua mwezi jana akiwa na miaka 41.

Kajuju anakumbuka siku alipomwona mara ya kwanza. Kijana mwembamba alisimama mlangoni na gitaa lililofungwa kwa gunia, akaomba spika ya kufanyia mazoezi. Hakuwa na pesa.

"Nikamwambia, chukua ile ya pembeni, imepasuka, hakuna anayeitaka. Alipoiwasha ikakwaruza kama mtu mwenye kikohozi. Nikaona haya, nikasema nitaitengeneza. Akaniambia, 'Mama, usiiguse. Hiyo ndiyo sauti nimekuwa nikitafuta.'"

Hakuwahi kumtoza. Kiambi naye hakuwahi kusahau. Kila msimu wa parachichi alimletea ndoo nzima, na mumewe Kiunga alipougua, kijana huyo ndiye aliyebeba spika za mazishi kwa mwezi mzima bila kutaka hata nauli.

Mashabiki wawili wamekuja kusaidia kupakia. Njuki ni mlinzi wa usiku katika shule moja ya Embu, na amekuja moja kwa moja kutoka zamu. Purity anauza viatu vya mitumba karibu na uwanja wa Kinoru. Hawakujuana kabla ya mazishi. Sasa hawaachi kuongea.

"Wewe ulikuwa Embu ile siku stima ilipotea?" Njuki anauliza.

"Nimesikia tu."

"Basi hujaona kitu. Ukumbi giza tupu, watu wanapiga makelele wanataka pesa zao. Jamaa akashuka jukwaani na gitaa, bila spika, akatembea katikati yetu akipiga. Sisi wasee wa fujo tulinyamaza mpaka ukasikia vidole vikiteleza kwenye nyaya."

Purity anacheka, kisha anafuta macho kwa ncha ya leso. Anachokumbuka yeye ni wimbo wa kahawa.

"Baba yangu aling'oa kahawa yake yote kwa hasira na hakutuambia neno. Alikaa tu nje na panga. Niliposikia Kiambi akiimba juu ya madalali, nikajua baba alitaka kusema nini."

Anaongeza jambo moja. Kiambi hakuwa akipiga wimbo wa mwisho kabla ya kuuliza kwenye maiki kama wasichana wote wana mtu wa kuwafikisha nyumbani. "Halafu wanasema alikuwa mtu wa shetani," Purity anasema. "Shetani gani huyo anauliza kama utafika kwenu salama?"

Hapo ndipo hasira inapoanzia. Alipokuwa hai, Kiambi alipeleka nyimbo zake kwenye redio akaambiwa hizo ni kelele. Siku aliyokufa, redio hizo hizo zilimpiga kutwa. Bango la mazishi, ambalo bado limebandikwa kwenye ukuta wa soko, linamwita "Mtumishi Kiambi, mwimbaji wa injili."

"Injili gani?" Njuki anauliza. "Huyo kwenye bango simjui."

Mashabiki walichanga shilingi elfu thelathini na nane kununua jeneza. Mchango ulisomwa kama wa "marafiki kutoka mjini." Walipofika Githongo wamevaa tisheti nyeusi za bendi, waliambiwa wazigeuze ndani nje au wasimame nje ya boma.

"Nilimzika msanii wangu nimevaa nguo kama mwendawazimu," Njuki anasema. "Walitubeba ufala, mathe, kama wajinga."

"Lugha," Kajuju anamkemea.

"Pole, mathe. Lakini walitubeba."

"Walitubeba," Kajuju anakubali.

Wengine walikataa kugeuza tisheti wakasimama nje, kando ya mikahawa, juani. Ni mama mmoja tu wa kwaya, ambaye hakuna aliyepata jina lake, aliyewatolea maji. Alirudi mara ya pili na jagi lililojaa.

Kajuju alikuwa mezani pa vyombo, akiendesha sauti. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, Marete, alikuwa amempa amri: kwaya, mahubiri, hotuba za wageni, basi. Mwanasiasa mmoja alizungumza juu ya barabara hadi wazee wakasinzia. Mwingine alimwita Kiambi "marehemu Kiunga," jina la mume wa Kajuju, kwa sababu alisoma kibandiko kwenye spika.

"Hapo nikashindwa," Kajuju anasema. "Jeneza lilipoanza kushuka, nikafungua wimbo."

Wimbo huo unaitwa "Bati la Mama." Unaanza kwa ngoma peke yake. Kijiti kinagonga mara moja. Kimya. Mara mbili. Kimya. Kisha vijiti vinamwagika vyote.

Katika mazishi yale, zaidi ya nusu ya watu walikuwa wakulima wa kahawa na chai. Waliposikia, waliangalia juu. Wanawake walivuta watoto chini ya hema. Mzee mmoja alikimbilia ng'ombe wake. Mbingu ilikuwa safi, lakini kwa watu waliopoteza mazao kwa mvua ya mawe, sikio hufanya kazi kabla ya jicho.

Mtu mmoja hakuangalia juu. Cicily aligeuza kichwa akaitazama spika.

Kisha ikawa kimya. Marete alikuwa amezima jenereta kwa mkono wake mwenyewe. Watu wengi walidhani petroli imeisha. Kiambi aliteremshwa bila wimbo na bila kwaya, kwa sauti ya majembe tu.

Alipopigiwa simu na mwandishi wa habari hii, Marete hakukana. "Mazishi si tamasha," alisema. "Tulimpa kijana heshima mbele ya kanisa. Kelele zile zingetisha wazee."

"Wazee gani?" Kajuju anauliza anapoelezwa majibu hayo. "Wale walikuwa wamelala?"

Tangu siku hiyo familia mbili za Githongo zimeahirisha kumwita, na anajua neno lilitoka wapi. Lakini halimuumi kama ujumbe uliomfikia wiki iliyopita kupitia mtu wa sokoni. Cicily alikuwa ameuliza: "Yule mama wa spika, anaweza kuniambia ile mvua iliishaje?"

Pikapu inaingia Githongo saa nne na nusu. Cicily, mwenye miaka 74, amewasubiri mlangoni. Amepika nduma, amefagia ua, na amemwekea Njuki kiti chenye mto, kwa sababu aliambiwa kuna mmoja atakayekuja bila kulala.

"Muga," anawasalimu, mmoja mmoja, akishika mikono yao kwa mikono yake yote miwili. Anaona tisheti ya Njuki. Leo imevaliwa sawasawa. Anaisoma herufi kwa herufi, kidole kikifuata.

Kaburi liko chini kidogo, kati ya migomba. Msalaba wa mbao umeandikwa "Mtumishi."

Kajuju anaondoa blanketi na kuunganisha nyaya. Cicily anaongea bila kuulizwa.

"Sikuwahi kumsikia. Kanisani walisema ni muziki mbaya, na yeye hakuupiga hapa kwa kuniheshimu. Siku moja akaniambia, 'Mama, nimeimba paa letu.' Nikamwambia, nenda ukaimbe huko huko."

Purity anasogea karibu naye.

Kajuju anafungua wimbo. Kijiti kimoja. Kimya. Viwili. Halafu mawe yote yanashuka, na gitaa linaingia likikwaruza kwenye spika iliyopasuka. Sauti ya Kiambi inapanda kwa Kimeru, ikimwambia mama asiogope, bati ni zee lakini misumari aliipiga mwenyewe. Kuku wanakimbia. Jirani anasimama kwenye ua, anavua kofia.

Cicily ameshika magoti yake. Wimbo unapungua. Mvua inakwenda mbali. Mwishoni inabaki sauti moja ndogo: tone, kisha tone, likianguka ndani ya kitu cha chuma.

"Ni sufuria yangu," Cicily anasema. Anasimama. "Bati lilikuwa linavuja pale kitandani kwake. Niliweka sufuria usiku ili asilowe. Alikuwa mdogo sana. Nilidhani amelala."

Analia kwa muda mfupi. Kisha anageuka kutazama msalaba, na uso wake unabadilika.

"Kumbe nilikuwa kwenye huu wimbo, na wakauzima nikiwa nimekaa hapa? Mtoto wangu anazungumza na mimi mara ya mwisho, na mtu anazima mashine? Walinizikia mtoto wa nani?"

"Mama Kiambi, kaa kwanza," Kajuju anasema.

"Sikai. Nimekaa ya kutosha siku ile."

Wakati wa kula nduma wanapanga. Njuki, aliyejifunza kuchomelea vyuma kabla ya kuwa mlinzi, atatengeneza msalaba mpya wenye jina la Kiambi na jina la bendi yake. Siku ya kutimiza mwaka mmoja, mashabiki wa Meru na Embu watakusanyika katika boma hili na tisheti zao, na Kajuju ataleta vyombo bila malipo. Hawataomba ruhusa ya kamati yoyote.

"Wakininyima kazi Githongo yote, sawa," anasema Kajuju. "Watu hufa hata Nkubu."

Cicily anacheka kwa mara ya kwanza. Anamtilia chai nyingine, na safari hii Kajuju anainywa ikiwa moto. Kisha mama huyo anainua mkono kuelekea ng'ambo ya bonde, ambako paa la kijani la nyumba ya Marete linang'aa juani.

"Kabla hujapakia," anasema, "hiyo spika iliyopasuka igeuze. Ielekee kule. Halafu uanze wimbo upya."