Uchafu wa Siku ya Usafi

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ni siku ya usafi hapa kwetu, na mimi siwezi kuiona kwenye kalenda bila kusonya. Wenzangu wa maduka wanaipenda. Kuna muziki, kuna soda ya bure, kuna tisheti za kugombania. Mimi nikisikia tu mtu anajaribu spika, "moja, mbili, moja, mbili," roho inanichafuka.

Maduka yetu ni mstari mmoja wa mabati kando ya Ziwa Naivasha. Unaanzia barabarani na kuteremka hadi pale mitumbwi inapofungwa. Juu kabisa yuko kinyozi, halafu duka la unga na sabuni, halafu fundi wa viatu, halafu bucha. Mimi ndiye wa mwisho, karibu na maji, na hoteli yangu ya samaki wa kukaanga. Nyuma ya maduka yote unapita mtaro mmoja. Nywele za kinyozi zinaingia humo, maji ya damu ya bucha yanaingia humo, nepi za watoto wa mwenye duka zinaingia humo, na mtaro wenyewe unakuja kufia mlangoni kwangu. Kila anayemwaga kitu huko juu anajua ananimwagia mimi. Na asubuhi wote wananisalimia kwa heshima zao zote, "Mama, umeamkaje?" Nimeamka na nywele zenu, nitasema nini kingine?

Mimi ni mtu wa Subukia, mtoto wa kahawa na ng'ombe wa maziwa. Kwetu samaki hakuwa chakula. Mara ya kwanza nilipompelekea mama yangu samaki wa kukaanga, alifunga pua kwa leso na kuniuliza ni nani amenifundisha kula nyoka. Kwa hiyo nilipoanza kazi hii nilijua watu wa nyumbani wananingoja nichafuke. Nikawa mkali. Meza zangu nazisugua kwa majivu na maji moto. Mafuta yakianza kuwa meusi namwaga, wakati kuna watu hapa hapa wanakaangia mafuta ambayo hata trekta lingekataa. Wenzangu walinicheka sana kwa hilo. Walicheka, lakini wageni wakiwatembelea waliwaleta kula kwangu.

Sasa kukatokea huyu Mheshimiwa. Hajachaguliwa kitu chochote mpaka leo, ila ukimwita Mheshimiwa anaitika, basi tunamwita. Alikuja siku ya usafi na gambuti nyeupe, nyeupe pe, zenye karatasi ya dukani bado imebandikwa kisiginoni. Alikuwa na vijana wa kumbebea mwavuli, mpiga picha, na gari la spika linalotikisa mabati yetu hadi misumari. Akatangaza kwamba leo mtaro utazibuliwa.

Na kweli, ulizibuliwa. Vijana walipewa sepetu wakaanza kutoa vilivyokuwemo, na vilivyokuwemo, jamani, Mungu anisamehe. Nepi zilizovimba. Matumbo ya samaki ya tangu mvua iliyopita. Nywele zilizoshikana na mafuta zikawa kitu kimoja kirefu ambacho kijana mmoja alikivuta na kukivuta huku wenzake wakipiga mayowe. Paka aliyekufa, au nusu yake. Na wakati nasema moyoni angalau vitu hivi viende vikazikwe, nikaona wanavirundika mbele ya mlango wangu.

"Ala! Nyinyi! Mnafanya nini?"

"Mathe, usijali, lori liko njiani," kijana mmoja akanijibu bila hata kuniangalia.

Mpiga picha akasema pale mbele yangu ndipo penye mwanga mzuri. Akampanga Mheshimiwa kando ya rundo, akampa sepetu, akamwambia ainame kidogo, atabasamu kidogo, asitabasamu sana. Nyuma yake ulionekana mlango wangu na yule samaki wa bluu niliyemlipia fundi amchore juu yake. Nikasimama pale mlangoni. "Mathe, songa, unaharibu picha," mpiga picha akaniambia. Yaani mimi, kwenye mlango wangu, naharibu picha! Mheshimiwa akaishika sepetu mpaka kamera ikalia, akairudisha kwa mwenyewe, na sikuona ikiinua hata kijiko cha taka.

Baada ya hapo ikawa hotuba. Mazingira ni uhai, afya ya mwananchi, na kadhalika. Watu wakapiga makofi. Wakanywa soda zao, na chupa, nakuapia, wakazitupa mtaroni. Bucha mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu, nilimwona akidondosha yake huku akipiga makofi kwa mkono na paja.

Lori halikuja. Kesho yake jua likawaka, na rundo likaanza kutokota. Nzi walikuja, halafu wakaja wale korongo wakubwa wenye vipara, wakasimama juu ya taka wakichokora na kumeza mbele ya wateja wangu. Mteja gani atakula samaki huku anaangaliwa na ndege aliyemeza nepi? Nikapanda juu kwa majirani kuwaomba tusaidiane kuliondoa. Mwenye duka akasema mgongo unamuuma. Kinyozi akasema ana kichwa cha mtu mkononi. Bucha akajifuta mikono kwenye ile aproni yake isiyojua sabuni na kusema, "Lakini si iko kwako?"

Iko kwangu! Nywele za huyo, nepi za yule, damu yako wewe, na iko kwangu! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Halafu nikatafuta mkokoteni, nikajifunga kitambaa puani, nikaliondoa rundo mimi mwenyewe na mwenye mkokoteni. Nilitapika njiani. Nikarudi nikasugua mlango, ukuta na ardhi yenyewe kwa dawa mpaka macho yakanitoka machozi. Jioni ile hotelini kwangu ungeweza kula chakula sakafuni.

Picha lakini ilikuwa imeshaenda mtandaoni. Mheshimiwa na sepetu yake, rundo, paka, na samaki wangu wa bluu nyuma akionekana vizuri kabisa. Chini yake ameandika: "Hivi ndivyo watu wetu wanavyouziwa chakula. Nitabadilisha." Watu wakamwaga matusi na vicheko. Mmoja akaandika kwamba aliwahi kula pale na sasa anaelewa kwa nini tumbo lilimuuma. Uongo mtupu! Picha ilifika mpaka Subukia, maana mama alinipigia simu, na hakusema kitu kuhusu nyoka. Aliniuliza tu kwa sauti ya chini kama nimekuwa nikiishi hivyo siku zote. Afadhali angenitukana.

Halafu akaja afisa wa afya. Alisimama kwenye ardhi niliyoisugua, ikinukia dawa, akatoa simu na kunionyesha picha ile ile.

"Mama, hii ni hoteli yako?"

"Mlango ni wangu. Taka ni za mtaa mzima, na aliyezileta hapo ni huyo unayemwona anatabasamu. Sasa hivi tazama chini. Unaona taka?"

Akatazama chini, akatazama simu. "Sioni. Lakini watu wameona." Akafunga mlango kwa kufuli ya ofisi, akabandika karatasi.

Haki ya Mungu, sijawahi kujua mtu anaweza kuamini simu kuliko macho yake na pua yake. Samaki niliokuwa nimenunua asubuhi ile ikabidi nigawe. Nikawapelekea majirani bure, wabichi, macho yao bado yanang'aa. Mwenye duka akasema asante, leo wanakula maharagwe. Bucha akakunja pua. Bucha! Nikawarudisha nyumbani, tukala samaki mimi na wanangu mpaka mdogo akaanza kulia akiona sahani.

Hoteli ile ndiyo iliyokuwa inatulisha, inatulipia nyumba, inawaweka watoto shuleni. Sina shamba, sina mume, sina ujuzi mwingine. Nilikwenda kwenye ofisi ya afya nikaambiwa nisubiri mkaguzi. Nikaenda tena, mkaguzi yuko Nakuru kwenye mkutano. Nikaenda tena, mkaguzi amerudi lakini fomu zimeisha. Pale benchini nilijifunza kutabasamu kwa watu ninaotamani kuwazaba makofi. Usiku nililala nikiwaza kufuli ile.

Siku ya usafi nyingine ikafika. Spika, tisheti, gambuti. Mheshimiwa akateremka hadi kwangu kutafuta kivuli, akakuta kufuli. Akashangaa kabisa.

"Na hii hoteli ya mama ilifungwa kwa nini?"

Sikuamini masikio yangu. Hakuwa anajifanya. Alikuwa amesahau, kama unavyosahau mahali ulipotema mate. Nikamweleza mbele ya watu wake, na sauti yangu haikuwa ya chini. Akasikiliza huku akitikisa kichwa kwa huzuni, halafu akachukua simu akaongea pembeni. Hata soda hazijaisha, yule afisa wa afya akatokea na ufunguo mkononi, amejaa tabasamu. Mtu akaleta utepe mwekundu. Wakaufunga mlangoni kwangu, kamera zikasogea, Mheshimiwa akaukata. "Ndugu zangu, leo nimemfungulia mama yetu hoteli!" Bucha ndiye aliyepiga vigelegele vya kiume kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nikapewa kipaza sauti niseme neno. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa pale kwenye ulimi. Nikaangalia mlango ulio wazi na karai langu la kukaangia ndani. Nikasema, "Asante sana, Mheshimiwa." Nikarudisha kipaza sauti.

"Basi tupikie samaki, mama!" akasema.

Nikampikia. Hapa sikufanya hila. Niliteremka mitumbwini nikanunua samaki, nikamchagua mzuri kuliko wote, nikampasua mbavu, nikamkaanga mpaka ngozi ikalia, nikamwekea ugali na kachumbari. Sasa, sisi tunaouza samaki tuna jambo moja tunaloangalia. Samaki analiwa upande mmoja, halafu anageuzwa. Mteja akiinuka bila kumgeuza, amekwambia mbele ya hoteli nzima kwamba samaki wako ameoza. Hakuna haja ya kufungua mdomo.

Mheshimiwa alimega kipande kidogo mgongoni. Akakiinua, akafungua kinywa, kamera zikalia. Halafu akakiteremsha taratibu akakificha chini ya ugali. Kijana wake akampa karatasi yenye unyevu wa manukato, akajifuta kidole kimoja kimoja, akainuka.

"Mheshimiwa, samaki hujamgeuza," nikasema.

Akacheka. "Mathe, nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

Watu wakaangua kicheko. Simu zikainuka, na safari hii hazikuwa za watu wake peke yake. "Hata hujamgusa," nikamwambia. "Ulisema hapa kwangu ni pachafu. Leo umesema ni pasafi, umekata na utepe. Basi kula."

Nilimwona akihesabu kamera. Akakaa. Akala. Nilisimama nyuma yake, mikono kiunoni, nikimwangalia akitokwa na jasho, akimeza kila tonge kwa shida na kuliteremsha kwa maji. Alipofika kwenye mfupa alitaka kuinuka tena, nikagonga meza kwa kidole, akamgeuza. Akamla mpaka kichwani. Watu wakashangilia, fundi wa viatu akaniinua mkono juu kama bondia, na mimi, sikatai, nilijiona mtu. Nilikaanga samaki mchana ule mpaka nikaishiwa.

Jioni picha ikatoka. Mheshimiwa ameinamia sahani, vidole vinang'aa mafuta, na mimi nimesimama nyuma yake kama mtumishi anayesubiri kutumwa. Ameandika: "Mimi sina madharau. Mama zetu wakinikaribisha nakula, hata mahali kama hapa." Watu wakamsifu hadi nikaizima simu nisiitupe majini.

Wateja wamerudi, tena wengi kuliko zamani. Wanatoka mpaka Gilgil. Wakiingia wanauliza alikaa kiti gani, wanakikalia kwa zamu, wanajipiga picha, wanataka samaki kama yule wake. Bucha amechora mshale kule barabarani, kwa rangi nyekundu, bila kuniuliza: KWA MHESHIMIWA. Anasema ni msaada. Nimeufuta, ameuchora tena, na ukiulizia hoteli yangu leo kwa jina nililoliandika mimi, hata mwendesha boda wa hapa hapa atakuna kichwa.

Wiki iliyopita nimeinamia karai, mafuta yanachemka, baba mmoja aliyekuja na familia yake akanawa mikono, akaangalia meza, akaangalia sakafu, akaridhika. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mathe, umepaweka pasafi sana. Mheshimiwa alikuandika kazi lini?"