Cherehani ataka picha moja ya mkewe kabla macho hayajazima

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi. Mzee mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, amesimama katikati ya chumba kilichopakwa rangi ya bluu ukuta mmoja tu, ule unaoonekana kwenye picha za pasipoti. Mkononi ana kamera nzito kama tofali, na ameitegea sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

Anabonyeza. Kamera inanguruma, mota inavuta mkanda, kisha kimya.

"Kinazunguka?" anauliza.

Mkewe, aliyepika katika shule ya bweni kwa miaka ishirini na sita, anainama kutazama kipini kidogo kilicho juu ya kamera. Mkanda ukivutwa sawasawa, kipini hicho huzunguka.

"Kinazunguka. Bonyeza tena nihakikishe, maana wewe na hayo matofali yako siwaamini."

Majirani humwita Cherehani, ingawa hajui kushona hata kifungo. Jina hilo limetokana na mlio wa kamera zake. Zamani mpiga picha alivuta mkanda kwa kidole gumba kila alipomaliza picha moja. Zikaja kamera zenye mota, ukibonyeza zinajivutia zenyewe, picha tatu kwa sekunde moja, na kelele zake ukizisikia unadhani kuna fundi nguo pembeni.

Yeye aliinunua ya kwanza akiwa kijana anayepiga picha za harusi na mechi za mpira. Leo anazo kumi na moja. Nyingine alipewa na wenzake waliohamia kwenye simu, na moja aliipata kwa kubadilishana na redio. Mkewe hajaisahau redio ile.

Anazijua kwa sauti. Moja inakohoa, nyingine inalalamika kama mkwe aliyecheleweshewa chai. Nzima kabisa ni mbili tu, na kila jioni anazifuta vumbi zote kumi na moja, hata zile maiti.

Masikio yake hayana neno. Tatizo ni macho.

Jicho la kushoto lilizima miaka miwili iliyopita kwa presha ya macho. La kulia anaonea katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Daktari alimwambia kwamba dawa ya matone huchelewesha tu, iliyopotea hairudi, na mwaka huu ukiisha akiwa bado anaona chochote, ashukuru.

"Nilimuuliza, daktari, hakuna spea?" anasimulia Cherehani. "Akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha."

Kazi bado anaifanya. Watu wanne au watano kwa siku huja kupiga picha za vitambulisho, naye hutumia kamera ndogo ya kisasa. Sakafuni amepigilia misumari miwili: mmoja wa kiti cha mteja, mmoja wa kidole chake kikubwa cha mguu. Akisimama hapo, kichwa cha mteja kinaingia chenyewe kwenye picha. Wateja wengi hawajui kuwa anayewapiga hawaoni.

Basi siku ile aliyotoka kwa daktari, alikaa akahesabu ni sura gani anataka aione kwanza kabla ya giza. Akagundua jambo la aibu. Amepiga picha maharusi wa mtaa mzima, wafu wao, hata mbuzi wa jirani aliyeshinda mashindano. Mkewe, aliyeishi naye miaka thelathini na minane, hana picha, ukitoa ile ya kitambulisho, ambayo hata polisi hawezi kumtambua kwayo.

Si kwamba mama huyo hakuomba. Aliomba sana miaka ya mwanzo. Mkanda una picha thelathini na sita, na zote zilikuwa za wateja. Kila mara mume alimwambia asubiri, zitakazobaki mwishoni ni zake. Lakini mota ina tamaa. Ukiigusa kidogo imekula tatu, na mwisho wa harusi hakikubaki kitu.

"Nikaacha kuomba," anasema mke. "Halafu nikajifanya sipendi picha. Nikajifanya mpaka ikawa kweli."

Mwezi uliopita mume ndiye aliyeomba. Mke alimzungusha siku tatu, maana naye alizungushwa miaka thelathini na minane, kisha akakubali. Alikwenda saluni kusuka nywele, jambo ambalo hakulifanya tangu aache kazi. Akavaa gauni la kijani alilokuwa amelihifadhia sherehe isiyojulikana. Akaketi dirishani kwenye mwanga mzuri.

Cherehani alichukua mkanda wake wa mwisho wa picha nyeusi na nyeupe, ule anaoweza kuusafisha mwenyewe nyumbani. Akauweka kwenye kamera kwa kupapasa, maana kwa karibu vile haoni. Akapiga. Mota ikaimba, namba zikapanda: kumi, ishirini, thelathini na sita.

Thelathini na saba. Thelathini na tisa. Arobaini na moja.

Mkanda ukiisha, mota hukwama. Hii haikukwama. Mpiga picha yeyote wa zamani anajua maana yake: ulimi wa mkanda haukushika tangu mwanzo, na kamera ilikuwa ikivuta hewa. Hapakuwa na picha hata moja.

"Mke wangu akaniuliza, tayari? Nikamwambia tayari," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Nilinyamaza siku mbili. Alikuwa anatembea na zile nywele humu ndani kama bibi harusi, ananiuliza zinatoka lini."

Alipomwambia, hakupiga kelele. Wanawake wakipiga kelele, mwanamume ana bahati. Huyu alikwenda chumbani akafumua nywele zote, msuko mmoja baada ya mwingine, akalikunja gauni. Alisema neno moja tu, na mume analikariri kama lilivyo:

"Bora ungeniambia nikiwa bado nimeketi."

Wiki tatu walizungumza habari za chumvi na funguo tu. Kisha juzi mke, akipepeta mchele, akauliza kama ule mkanda uliharibika. Mume akamweleza kwamba hapana, haukuona mwanga, uko vilevile. Mke akaendelea kupepeta. Akasema basi Jumamosi wajaribu, ila mkanda atauweka yeye mwenyewe, na saluni haendi.

Ndiyo maana asubuhi hii ameketi dirishani na gauni la kupikia, kichwa wazi, mvi zote nje. Hata kipimo cha umbali wamekifanya kwa mikono: uzi wa mita mbili umefungwa kwenye kamera, na ncha yake mke ameishika shavuni. Uzi ukinyooka, lenzi imekaa sawa.

"Ukinivuta hivi kama mbuzi, nicheke vipi?" analalamika, na anacheka, na mota inanguruma.

Picha ya thelathini na sita inapita. Cherehani anabonyeza tena. Mota inagugumia, inakwama. Anakaa chini pale pale sakafuni, karibu na msumari.

Kusafisha wanafanyia bafuni, mlango umezibwa kwa blanketi, taa imezimwa. Humo mume ndiye bwana. Mke ndiye anayegonga ndoo na kuuliza yuko wapi, na mume anamwongoza kwa kumshika kiwiko: mkasi huu, chupa hii, usisogee.

"Humu tuko sawa," anasikika akisema gizani. "Utazoea. Mimi nazoea."

Mke anagonga ndoo tena.

Baadaye mkanda unaning'inia dirishani ukitiririka maji. Cherehani ameugusa ukingoni, ameushusha mkono. Kwenye mkanda vitu ni vidogo kama kucha, jicho lake halifiki huko. Anauliza zipo ngapi.

Mke anahesabu kwa midomo. Zipo zote. Tatu amefumba macho. Na kwa kuwa kwenye mkanda cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe, anaona jambo linalomfanya asogee karibu na kioo cha dirisha.

"Uso mweupe kama nimetumbukia kwenye unga," anasema. "Lakini nywele zangu nyeusi, baba. Nyeusi kabisa, kama ulivyonikuta."

Mume anageuza uso kutafuta sauti ilipo.

Alhamisi watapanda basi kwenda kwa mpinzani wake wa zamani, ambaye bado ana mashine ya kukuza picha. Cherehani amekwisha agiza: picha moja, ile anayocheka, ukubwa wa mlango wa kabati. Mpinzani alimwambia karatasi kubwa hivyo hana, itabidi aunge vipande vinne. Akakubali.

Amepanga ataitundika mbele ya kitanda, aikaribie kila asubuhi kipande kwa kipande, maadamu mrija wa jicho la kulia haujaziba.

"Sina tamaa," anasema. "Nikiiona pua tu vizuri, kwingine nitajimalizia mwenyewe."