Jioni Baba Alipoipita Bendera

Katika mji wetu mdogo, kwenye barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, saa kumi na mbili jioni filimbi hulia katika kambi ya chifu na kila mtu husimama. Hakuna aliyeandikiwa sheria hiyo. Tuliijua tangu shule ya msingi. Bendera inapopandishwa asubuhi au kushushwa jioni, unaielekea, unavua kofia, unanyoosha mikono ubavuni na hutikisiki mpaka filimbi ya pili. Watu wa bodaboda huzima pikipiki. Mama wa mahindi huacha mahindi yake yaungue. Nimewahi kuona mwanamume mzima akirukishwa kichura kwenye kokoto za kambi kwa sababu alikuwa anamalizia kuongea na simu.

Baba yangu hasikii. Alipasua mawe machimboni miaka mingi, na baruti ilimmaliza masikio kidogo kidogo. Sasa anasoma midomo. Mimi nauza mitumba, na siku za soko yeye huja kunisaidia kufunga, kisha tunarudi nyumbani kwa kijia kinachopita kando ya ua wa kambi. Filimbi ikilia namshika mkono wa koti, anasimama.

Siku hiyo gunia langu lilipasuka. Sweta za watoto zikamwagika kwenye matope, nikainama kuziokota. Baba hakujua, aliendelea kutembea. Nilipoinua kichwa alikuwa hatua kama kumi na mbili mbele yangu, na filimbi ikalia.

Nilisimama. Sikufikiri, mwili wenyewe ulisimama. Mbele ya baba kijia kilikuwa kitupu, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumwonyesha kwamba mji mzima umeganda nyuma yake. Alitembea polepole, kofia kichwani, mkono mmoja mfukoni kwa sababu ya baridi.

"Wewe mzee! Simama hapo!"

Alikuwa koplo wa polisi aliyeletwa kambini wiki chache tu zilizopita. Alikuwa ameshika kamba ya bendera kwa mikono miwili. Akaita tena. Baba akaendelea. Niliwaona watu kando ya barabara wakigeuza macho bila kugeuza shingo. Koplo akaifunga kamba mlingotini, bendera ikiwa imefika katikati, akachomoa rungu na kutoka langoni mbio.

Nilikuwa na muda wa kupiga kelele. Nilikuwa na muda wa kukimbia. Nilibaki na mikono ubavuni, nikihesabu hatua zake, mpaka rungu likatua begani kwa baba naye akaanguka kwa magoti. Hapo ndipo miguu yangu ilipofunguka.

"Afande, hasikii! Huyu mzee hasikii!"

"Mnasemanga hivyo wote," akasema. "Na wewe nani amekwambia utoke pale? Bendera imeshuka?"

Alituingiza kambini sote wawili. Akamsimamisha baba chini ya mlingoti, akazunguka nyuma yake, akapuliza filimbi karibu kabisa na sikio. Baba hakupepesa hata jicho. Alikuwa ananiangalia mimi mdomoni, akingoja nimweleze tumekosa nini.

"Ati hasikii. Anajifanya," koplo akasema, akaliinua rungu tena.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Mkuu wa kambi, inspekta, mwanamke wa makamo, alitoka akiwa amevaa sweta juu ya sare. Hakututazama sisi. Alitazama juu.

"Nani amekufa?" akauliza.

Koplo akashusha rungu.

"Bendera iko nusu mlingoti. Nauliza ni nani amekufa. Rais ametangaza maombolezo na mimi sijaambiwa?"

"Hapana, madam. Huyu mzee amedharau bendera."

"Mzee alikuwa anaenda kwake. Wewe ndiye umeiacha ikining'inia hapo."

Nje ya ua watu walikuwa wangali wamesimama wima, maana bendera ilikuwa bado haijashuka, na ile filimbi ya sikioni kwa baba hawakuihesabu kuwa ya pili. Inspekta akamsogelea baba, akasimama mahali anapoweza kuonekana vizuri. "Mzee, unaona vile naongea?"

"Naona," baba akajibu kwa sauti kubwa, kama kawaida yake.

Inspekta akamgeukia koplo. "Irudishe mpaka juu kabisa, ndiyo uishushe. Polepole. Na isiguse chini."

Kamba ikalia kwenye kapi, kile kigurudumu cha juu ya mlingoti. Bendera ikapanda, ikakaa kileleni kidogo, ikaanza kushuka. Baba alinyoosha mgongo, suruali imepasuka gotini na damu ikichuruzika hadi kwenye soksi. Ncha moja ya bendera ilikaribia kokoto, koplo akaiwahi kwa goti lake. Akaikunja. Akapuliza filimbi, na barabarani pikipiki zikawashwa.

"Sasa mwombe mzee msamaha," inspekta akasema.

"Pole, mzee," koplo akasema, macho chini.

Baba akanigeukia. "Amesema nini?"

"Amesema pole."

"Basi aseme akiniangalia."

Koplo akainua uso, akasema tena. Baba akaitikia kwa kichwa, tukaenda.

Nyumbani nilimkalisha karibu na jiko nikamwosha goti kwa maji ya chumvi. Aliniacha nimalize kufunga kitambaa, kisha akaniinua kidevu ili auone mdomo wangu.

"Ulikuwa nyuma yangu?"

"Ndiyo."

"Ulimwona akija?"

Ningeweza kusema nilikuwa naokota sweta. Lingekuwa neno rahisi, na nusu yake ni kweli.

"Nilimwona. Nilikuwa nimesimama."

"Kwa ajili ya bendera."

"Kwa uoga, baba."

Chai ikachemka na kumwagika. Nilipoiepua, akasema, "Siku ya soko utatangulia wewe. Mimi nitakufuata."

Tunatembea hivyo mpaka leo. Filimbi ikilia nasimama, naye akiona mgongo wangu umesimama, husimama. Lakini kabla sijaielekea bendera mimi hugeuka nyuma kwanza, nimtazame, nihakikishe amevua kofia. Najua si utaratibu. Koplo huniona kutoka pale mlingotini, na hajawahi kusema kitu.