Nanga ya Baba

Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi hapa Kirongwe, na bahari aliiogopa. Alikuwa radhi apande mnazi wenye nyoka kuliko kuvuka kwenda Jibondo. Alikufa mimi mdogo, meno ya mbele sina. Mama, siku zake za mwisho, aliniambia, "Baba yako katia nanga pale makaburini. Usimwache peke yake." Nikajua ni maneno tu, maana watu husema hivyo mtu akishatulia mahali.

Shule niliishia la pili, sababu ya korosho, lakini hiyo tuiache. Kaburi sikuonyeshwa, siku ya maziko watoto tulifungiwa ndani. Basi nikajichagulia. Nasema kweli, nilijichagulia: lile lenye sahani ya buluu kichwani, kwa kuwa lilikuwa zuri kuliko yote. Kila Ijumaa nililifagia, nikamsomea Yasini, mpaka nimeota mvi. Ukingo wake ulipobomoka nikang'oa mawe kwenye makaburi ya jirani yaliyokwisha kudidimia. Moja lilipigwa chokaa na kuchorwa nanga. Nikasema, huyu baharia, hana wenyewe. Nikalilaza kifudifudi.

Mwaka huu mjukuu wangu kaja kutoka Dar na daftari, anaandika ukoo. Nikampeleka kwa bibi mmoja, mkongwe kuliko sote, aliyekuwa mcheza ngoma enzi zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si wewe mtoto wa yule mkwezi, mpiga zumari wetu?"

Mjukuu akamwuliza habari za ngoma. Bibi akasema vyama vilikuwa viwili: wao, na baba yangu akiwemo, watu wa Nanga, washindani wao watu wa Sahani. Mtu akifa, wenziwe wa chama ndio wanaomchimbia, na kaburini wanamtia alama yao.

"Sahani?" nikauliza. "Ile ya buluu?"

"Ya mkubwa wao yule! Yeye na baba yako walirushiana mafumbo mpaka wakawa hawaamkiani." Nikamweleza ninavyolitunza. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe miaka yote unamfagilia hasimu! Baba yako huko aliko kanuna."

Mjukuu akacheka. Mimi nilicheka mdomo tu.

Tukaenda makaburini, nikalipindua lile jiwe. Nanga ile pale, imeliwa upande mmoja.

"Babu, ulilitoa wapi?"

Nikamwonyesha. Kisha nikamwonyesha pengine. Makaburi matatu yamekuwa bonde moja la majani, na mawe ya kuyatambulisha niliyang'oa mimi, kwa mikono hii.

"Sasa niandike nini, babu?"

Nikamwambia aandike kwamba yupo hapa. Akaandika. Mimi nikabaki nimelipakata lile jiwe, zito kama mtoto aliyelala. Mama aliniambia vizuri kabisa, wala hakunificha. Nanga ninayo mkononi, na sijui niitie wapi.