Mheshimiwa, Mtani wa Baba

Baba yangu alikuwa wa ukoo wa samaki. Mheshimiwa wetu ni wa ukoo wa mamba. Kwa desturi tuliyoikuta, samaki na mamba ni watani: wanatukanana hadharani, wananyang'anyana kofia, wanaambiana maneno ambayo kwa mtu mwingine yangeleta ngumi, na haruhusiwi mtu kununa. Anayenuna ndiye mwenye kosa. Naeleza haya mapema kwa sababu utani huo ndio uliompa yule bwana mahali pa kujificha, na viongozi wa chama wakapata kisingizio.

Baba alivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe mpaka mgongo ulipokataa. Baada ya hapo kazi yake ikawa chama. Aliongoza wanachama wa barabara yetu, kazi isiyompa mtu hata kipande cha sabuni, na aliifanya kama vile padri anavyofanya misa. Mtani wake alipogombea ubunge wa jimbo, baba alipita mlango kwa mlango kumwombea kura. Ukweli ni kwamba watu hawakumpigia mgombea, walimpigia baba. Mama mmoja muuza makaa alimwambia mbele yangu, "Papa, ule minye simuyue. Nayua weye tu."

Baba akamjibu, "Basi akikosea, mutakuya kuniuliza minye."

Akakosea. Kabini ya umeme, kile kibanda cha transfoma cha mtaa wetu, iliungua, tukakaa gizani msimu mzima wa mvua huku nyaya za bwawa la umeme la Koni zikipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wengine. Wabunge wa chama walikubaliana kumwita waziri wa jimbo anayehusika na umeme aje kujieleza bungeni. Mheshimiwa wetu alitia sahihi pamoja na wenzake. Kikao kilipokaribia akaiondoa, sahihi zikapungua, hoja ikaanguka, na muda si muda akaonekana kwenye karamu ya upande wa waziri, amekaa meza ya mbele, anakula kuku. Hakuona haya hata kidogo.

Watu wakaja kumuuliza baba, kama alivyowaambia. Walikuja kwa heshima, wakaketi, wakauliza habari za mgongo wake, kisha wakamtazama tu. Afadhali wangemtukana. Pembeni walisema mzee amegawiwa chake, kwa maana mamba hali peke yake.

Akaenda mjini kwa viongozi wa chama, nami binti yake nikamsindikiza. Aliomba jambo moja tu: mheshimiwa aitwe mbele ya kamati, aulizwe kwa nini aliondoa sahihi, na akikosa jibu atolewe chamani. Rais wa chama katika mji wetu, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, tunakusikia," alisema. "Lakini tuvumiliye kwanza. Ule iko na batu ba kumupigia kura."

"Batu gani?" baba akauliza. "Bale ni batu ya barabara yangu!"

Hapo mlango ukafunguliwa, mheshimiwa mwenyewe akaingia. Akamkumbatia baba, akamnusa shingoni. "Eh, samaki! Haujaoza bado?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Rais akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasema, "Aa, kumbe ni maneno ya batani!" Na habari ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo, kila baba aliposimama kwenye mkutano, viongozi walianza kucheka kabla hajafika katikati ya sentensi. Alipopandisha sauti, walicheka zaidi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutuambia tufanye nini na mwenye nguo anayemjua chawa, anamlisha, na kumwita mtoto wa nyumbani. Mimi sina subira ya wazazi wangu. Nilimwambia baba atoke kwenye chama kile cha wacheka ovyo. Akaniangalia kama vile nimemwambia abatizwe upya.

"Chama ni ya batu," alisema. "Haiko ya bale bakubwa."

Alikufa kwa kifua, mvua zikiwa bado zinanyesha, na barabara yetu ikiamini bado kwamba alikula pamoja na mamba. Hilo ndilo lililonikaa kooni kuliko kifo chenyewe. Rais alipokuja kutupa pole nikamwomba kitu kimoja: siku ya mazishi, mbele ya majirani, aseme kwamba baba alikuja kushtaki, na si mara moja. Sikumwomba amfukuze mtu. Nilitaka ukweli tu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mama, nitasema."

Siku ya mazishi viongozi walikaa safu ya mbele, chini ya turubai, kwenye viti vyenye mito. Majirani walikaa nyuma, wengine juu ya matofali. Sala zikaisha. Rais akakohoa, akafunga kifungo cha koti lake, na mimi nikasimama ili nisikie vizuri.

Lakini mtani ana haki yake msibani. Anaruhusiwa kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, ili wafiwa wacheke kidogo, nao wafiwa humbembeleza avue. Mheshimiwa alitoka ndani ya nyumba yetu amevaa koti la kaki la baba. Akainamisha mgongo. Akakokota mguu. Kisha akanyoosha kidole kinachotetemeka kuelekea safu ya mbele, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba kabisa, hata mama yangu akashtuka.

"Bakubwa, minye nakuya mara ya ngapi? Aliondoa sinyatire yake! Alituacha mu giza! Minye njo niliombaka batu kura. Sasa nitabaambia nini? Munamuogopa juu ya nini?"

Hakukosea neno. Kumbe muda wote ule, kwenye mikutano ile, alikuwa akisikiliza. Viongozi walicheka mpaka wakafuta machozi. Rais alimgeukia mwenzake, akasema bila kushusha sauti, "Ule, utamufukuza namna gani?" Kisha akaniona nimesimama. Akatikisa kichwa kwa upole, akasema, "Mama, mutani amesha kusema yote," akaegemea kiti chake.

Kwa sheria ya utani nilipaswa kucheka, au walau kukaa. Sikukaa.

Ndipo nikasikia kimya nyuma yangu. Kule kwenye matofali hakuna aliyekuwa anacheka. Jirani yetu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, alisema polepole kama mtu anayepiga hesabu kichwani, "Kumbe papa alibaambia."

Mtu mwingine akamwitikia, "Alibaambia. Na bakubwa beko banacheka."

Neno likapita kiti kwa kiti mpaka safu ya mbele. Kicheko cha viongozi kikakatika vipande vipande, wa mwisho akabaki anacheka peke yake, naye akanyamaza. Wanaume wa barabara yetu wakainuka, wakalibeba jeneza wenyewe, bila kuwangoja vijana wa chama walioletwa kwa kazi hiyo. Hapo nililia, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, na sikujificha.

Mheshimiwa alibaki katikati ya uwanja, mgongo bado ameuinamisha, koti la baba mwilini, akingoja tumbembeleze alivue. Tulimpita.